Maneno Yanayotangulia Chai

Kila Jumamosi mchana, vyombo vikishaoshwa na sakafu ikishapigwa deki, sebule ya kina Redio iligeuka darasa. Viti vitatu vilisogezwa mpaka magoti yakakaribia kugusana, na televisheni ikafunikwa kitambaa ili isiibe macho ya mtu.

Redio lilikuwa jina la utani. Mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni unasimuliwa na jirani, tena na nyongeza juu. Shuleni Redio, nyumbani Redio, hata muuza duka akimwona anakuja alikuwa anasema, "Haya, tukae kimya, taarifa ya habari hiyo." Redio alicheka na wengine, lakini jina lilimkera.

Darasa la Jumamosi lilikuwa la mama yake mdogo, aliyekuwa anaishi nao. Mama mdogo alikuwa mwalimu mwenye digrii yake, ila alisema wanafunzi wanamletea mambo ambayo digrii haikumfundisha. Mmoja halali usiku, mwingine anajifungia chooni analia. Basi akaanza kozi ya msingi ya ushauri nasaha chuoni, ile ambayo watu waliokwisha kuhitimu shahada huipitia kwanza kabla hawajaruhusiwa kusomea kazi yenyewe ya kushauri na kutibu watu waliovunjika moyo. Wenzake wa mazoezi walikuwa wawili: nesi wa hospitali kubwa, na mwalimu wa michezo aliyeitwa Kocha, mwanaume mnene mwenye sauti ya filimbi.

Zoezi lilikuwa hivi. Mmoja anasema shida, mmoja anasikiliza, wa tatu anatazama kimya halafu anakosoa. Kazi ya Redio ilikuwa chai. Maji yalichukua muda kuchemka, kwa hiyo siku zote aliingia na sinia mazungumzo yakiwa yamekwisha kukolea.

"Walinificha viatu," Kocha alikuwa anasema siku moja, amejifanya mtoto wa shule, anafuta machozi ambayo hayapo.

"Ukabaki pekupeku," akasema nesi taratibu.

"Nikabaki na soksi. Na soksi yenyewe dole gumba lilikuwa linachungulia nje."

Redio aling'ata midomo asicheke. Lakini nesi hakucheka. Hakumkatiza, hakusema "hata mimi iliwahi kunitokea", hakutoa hotuba. Alisikiliza tu, mwishoni akasema, "Ulichonieleza hapa kinabaki hapa."

Maneno hayo yalimwingia Redio kama sindano. Kumbe kuna watu wanaheshimiwa kwa sababu hawasemi. Akaamua na yeye atakuwa mmoja wao.

Shuleni, nyuma ya stoo ya madawati mabovu, akaweka madawati mawili yanayotazamana. Mwanzoni walimcheka. "Redio kawa benki," walisema, "kaweke siri yako uone." Halafu akaja mvulana anayeogopa hesabu mpaka tumbo linamuuma. Akaja msichana ambaye bado anakojoa kitandani. Redio aliwasikiliza, na wala hakutoa neno nje. Wiki zikapita, matangazo hakuna. Watoto wakaanza kumwangalia kwa jicho jingine, naye akaanza kutembea kifua mbele.

Alhamisi moja akaja Msumari.

Msumari alikuwa rafiki yake wa tangu chekechea, msichana mrefu, mwembamba, mtoto wa fundi cherehani wa mtaani kwao. Alikaa, akachungulia kulia na kushoto.

"Kwanza apa."

"Naapa."

"Siyo hivyo. Hata nikifa usiseme."

Redio alilamba kidole, akakipitisha kooni. "Hata ukifa."

Msumari akapandisha sketi kidogo. Kwenye shavu la mguu alikuwa amefunga kipande cha kitenge kutoka kwenye mabaki ya ushonaji wa mama yake. Chini yake kulikuwa na alama za meno, nyekundu, zimevimba.

"Ni Kofia," akasema.

Kofia alikuwa mtoto wa mbwa, mweupe mwenye doa jeusi kichwani, aliyeokotwa na Msumari na kufichwa kwenye jengo lisilomalizika nyuma ya duka la ushonaji. Mama yake Msumari hakutaka kusikia habari ya mbwa. Alishasema, siku akimwona mwanawe na mbwa, watahama wote wawili, mbwa na mwenye mbwa.

"Jana nilimpelekea chakula akakataa. Udenda ulikuwa unamtoka tu. Nikamsogezea maji, akaniruka. Redio, alikuwa kama hanijui."

"Umemwambia mama?"

"We una akili kweli? Na wewe umeapa."

Redio akakumbuka sauti ya nesi. "Ulichonieleza hapa kinabaki hapa," akasema, na kwa muda mfupi alijiona mtu mzima.

Utu uzima huo ulikwisha Ijumaa asubuhi. Gari la idara ya mifugo lilipita barabarani na kipaza sauti juu, polepole, linasimama kila kona. Mbwa wenye kichaa wameonekana mtaani. Aliyeumwa au kuparuliwa, hata na mbwa mdogo, hata kama kidonda ni kidogo, aoshe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka na awahi hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa ukishaanza kuonekana hautibiki. Mgonjwa hushindwa kunywa maji, huyaogopa, halafu hufa.

Redio alikuwa amesimama na mfuko wa mkate mkononi. Gari lilikwenda lakini sauti haikwenda. Ilibaki kichwani inazunguka. Halafu hufa. Halafu hufa.

Alimkimbilia Msumari kwenye geti la shule. "Umesikia gari?"

"Wanasema mbwa wakubwa."

"Wamesema hata wadogo."

"Kofia ni mtoto." Lakini macho ya Msumari hayakutulia. "Jana jioni nilikwenda, simwoni. Labda amepona, ameondoka."

"Twende kwa mama yako."

Msumari akamsogelea, akashusha sauti. "Ukisema, mimi na wewe basi. Na wote watajua hukubadilika. Redio ni Redio tu, hata ukiizima."

Siku hiyo Redio hakusikia somo hata moja. Alikuwa anamtazama Msumari. Akijikuna, Redio anaacha kuandika. Akipiga chafya, anageuka mzima mzima. Wakati wa mapumziko walikwenda bombani. Msumari akakinga kikombe, akakiinua mpaka mdomoni, akasita. Akakishusha. Akayakodolea macho yale maji.

Redio akamshika mkono.

"Kunywa," akasema.

"Sitaki."

"Msumari, kunywa. Nakuomba."

"We vipi? Kuna inzi humu, kunywa wewe." Akamwaga, akakinga mengine, akanywa kikombe kizima huku anamkazia macho. Redio alikaa chini pale pale kwenye tope, sketi ikalowa.

Usiku usingizi ulikataa. Mama yake alimgusa paji la uso akauliza kama ana homa. Redio akatikisa kichwa. Alitamani kusema mpaka taya zikamuuma, lakini kila akifungua mdomo anaona kile kidole kinapita kooni. Hata ukifa, alisema mwenyewe. Kwa mdomo wake.

Jumamosi viti vitatu vikapangwa kama kawaida. Redio akabandika birika, akawasha, na kabla maji hayajashika moto, gesi ikaisha. Akatoka jikoni mikono mitupu kwenda kusema hakuna chai.

Kwa hiyo siku hiyo aliwakuta ndiyo kwanza wanaanza. Mama mdogo alikuwa msikilizaji. Aliegemea mbele, akamwambia Kocha:

"Kabla hujaniambia lolote, ujue mimi ni msikilizaji wa namna gani. Siri yako nitaitunza. Lakini ukiniambia jambo linaloweza kukuua wewe au kumwumiza mtu mwingine, hilo sitakaa nalo peke yangu. Nitakwambia kwanza wewe, halafu tutalipeleka kwa anayeweza kusaidia. Ukikubali hivyo, sema."

Redio alishika ukuta.

"Hayo maneno ni ya leo tu?"

Mama mdogo akageuka. "Yapi?"

"Hayo ya mwanzo."

"Tunaanza nayo kila siku, mwanangu. Ndiyo mlango wa kuingilia. Wewe hujawahi kuyasikia kwa sababu huwa unakuja na chai."

Redio alijaribu kusema, ikatoka kwikwi. Kocha, ambaye alikuwa tayari na machozi yake ya uongo, akaona ya kweli, akainuka kumpisha kiti. Redio hakukaa.

"Kuna mtu kaumwa na mbwa," akasema. "Mbwa anatoka udenda. Tangu Jumatano. Niliapa."

Nesi alikuwa amekwisha simama, anatafuta viatu vyake. "Nani?"

Redio akamtazama mama mdogo. "Umesema anaambiwa kwanza yeye."

Mama mdogo na nesi wakaangaliana. "Sawa," akasema mama mdogo. "Utamwambia wewe. Lakini tunakwenda sasa hivi, na sisi tuko nyuma yako."

Kutoka pale hadi kwa fundi cherehani hapakuwa mbali, lakini Redio aliona barabara imerefuka. Alikuwa anaogopa atakuta kitu gani. Alikuta cherehani inanguruma, nguo za watu zimening'inia, mama yake Msumari ana pini mdomoni, na Msumari mwenyewe sakafuni anakata nyuzi.

"Msumari," Redio akasema. "Nitasema. Nimekuja nikwambie kwanza wewe."

Msumari aliwaona watu wazima mlangoni. Uso ukambadilika.

"Redio," akasema, neno moja tu, na halikuwa jina tena, lilikuwa tusi.

"Ndiyo," akasema Redio. "Mama, Msumari kaumwa na mbwa. Mguu wa kushoto."

Cherehani ikanyamaza. Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake, kisha akapiga magoti ili afungue kile kitambaa. Msumari alijikunja akisubiri kofi. Kofi halikuja. Mikono ya mama yake, ambayo haikosei mshono, ilishindwa na lile fundo, nesi akamfungulia.

"Uliniogopa mimi kuliko hiki?" mama yake akauliza polepole.

Nesi alimpeleka Msumari bombani, akaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, bila haraka. "Ni vizuri kuosha hata kama siku zimepita," akasema, "ila kuosha hakutoshi." Wakaenda hospitali. Huko sindano haikuwa moja. Zilichomwa kwenye kidonda chenyewe na kwenye bega, na akapangiwa kurudi tena na tena. Kofia alipatikana chini ya tangi la jengo lile, amekufa. Watu wa mifugo walimchukua kumpima, wakaleta jibu: alikuwa na kichaa cha mbwa.

Msumari hakumsemesha Redio. Siku zikaenda hivyo. Redio naye hakulala vizuri mpaka nesi alipokuja kusema sindano ya mwisho imechomwa na mtoto ni mzima.

Jioni hiyo mama mdogo alimwita sebuleni, akamkalisha kwenye kiti cha msikilizaji.

"Unaona umefanya vibaya?"

"Nilivunja kiapo."

"Kosa halikuwa kukivunja. Kosa lilikuwa kuapa kabla hujajua unaapia nini. Ulichukua nusu ya kazi yetu ukaifanya nzima. Siri ni kitu cha kumlinda mtu, mwanangu. Ikianza kumwua, hiyo siyo siri tena, ni ugonjwa wa pili, na wewe unayeuficha unakuwa umemwambukiza. Mwambie mtu mzima unayemwamini, siku hiyo hiyo. Akikukasirikia, akukasirikie akiwa hai."

Baadaye kidogo, wakati wa mapumziko, Redio alikuwa peke yake nyuma ya stoo. Akaja msichana mdogo wa madarasa ya chini, macho mekundu, na nyuma yake Msumari, amemshika bega. Msumari hakumtazama Redio. Alisema tu, "Huyu ana neno."

Yule mdogo akakaa, akafungua mdomo. Redio akainua mkono kumzuia.

"Kabla hujaniambia lolote," akasema, "ujue mimi ni msikilizaji wa namna gani."

Akayasema yote, hakuruka hata neno. Yule mtoto akasita, akamgeukia Msumari kama anayeuliza aondoke au abaki. Msumari akapandisha sketi kidogo, akamwonyesha kovu kwenye shavu la mguu.

"Kaa," akamwambia. "Huyu akisema, anasema mbele yako."