Kioo Kilichokataa Bluu

Soko la Mwanga siku ile lilifurika hata inzi walipanga foleni. Mwanvua, kajifunga kitenge cha njano, alikuwa akipima chumvi ya Uvinza pale kijana mrefu aliyekumbatia kioo kama mtoto mchanga alipomkanyaga.

"Samahani, dada."

"Hicho kioo unakiuza au unajitazamia?"

"Nakivisha nguo," akajibu kijana kwa lafudhi ya Kirundi.

Aliitwa Nizigama, mkimbizi aliyekatiza masomo ya kemia Bujumbura. Mradi wa taa za sola ulimtoa kambini kwa kibali, ukampa banda nyuma ya soko, atengeneze kioo kisichoshika ukungu. Kazi ikiisha, kibali kimeisha, arudi kambini. Akishindwa, vilevile.

Wiki haikupita, Mwanvua yumo bandani anamsuuzia. Kioo kilichovywa kwenye maji ya polima yenye chaji chanya, kikasuuzwa, kikachovywa kwenye polima yenye chaji hasi, kikasuuzwa tena. Kila mchovyo uliacha utando mwembamba kuliko pumzi.

"Kwa nini tando hazibanduki?"

"Zimependana, mukunzi," alijibu, akimwita mpenzi kwa Kirundi. "Rangi ndiyo inasema zimefika ngapi. Kahawia, zambarau, halafu bluu. Bluu ndiyo mwisho."

Mwanvua akasikia mwisho wa kibali.

Tangu hapo kioo kikawa kikaidi. Jioni kimeachwa zambarau, asubuhi kahawia. Bosi wa mradi alifoka kwenye simu hadi bati likatetemeka. Nizigama alikonda, shati likawa ndilo linalomvaa yeye.

Asubuhi moja akakilamba kioo.

"Mwanvua. Hii chumvi ni ya Uvinza."

Mwanvua akageukia ndoo.

"Maji ya chumvi kali yanazitenganisha tando. Ulijua. Ila jana ulisahau kusuuza."

"Ulitaka nikusuuzie mpaka geti la kambi?"

"Nilijiona mjinga, Mwanvua. Mimi."

Akamfungia mlango. Siku zikapita, simu haipokelewi, Mwanvua anapima chumvi na machozi kopo moja. Kisha simu ikalia.

"Niletee chumvi, mukunzi."

"Ya mboga?"

"Njoo tu."

Alimkuta na kioo cha bluu kama ziwa saa sita mchana. Nizigama alikuwa amekata kipande chake kidogo.

"Hiki ni mahari. Mpelekee mzee wako. Kifiche, bosi asikione."

Mwanvua akakifunga kwenye pindo la kanga. "Bosi anakuja lini?"

"Ijumaa."

"Basi akute zambarau."

Wakakizamisha kile kikubwa pamoja, mikono ndani ya maji ya chumvi. Simu ikaita.

"Bado, bosi," alisema Nizigama, bluu ikimwisha vidoleni. "Lakini tunakaribia."