Wali wa Mwezi wa Tano

Siku hiyo zamu ya kupandiwa mpunga ilikuwa ya kina Tilsara. Kijijini kwao mlimani desturi ni hiyo: leo majirani wanapanda kwako, kesho nawe unapanda kwao. Wanawake kumi walikuwa wameinama, tope hadi magotini, mvua ikiwanyeshea migongoni. Waliimba, wakarushiana tope na matani. Tilsara hakuimba. Mara tatu alisimama na kushika kiuno. Mara ya nne alitapika pembeni mwa tuta.

Wenzake walicheka. Mmoja akauliza kama Pabitra, binti wa Tilsara wa miezi mitano na wiki tatu, ameshachoka kuwa kitinda mimba. Utani wa shambani hauna adabu, na siku nyingine Tilsara angemjibu kwa donge la tope. Siku hiyo maneno yale yalimkata maini.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Alipomzaa Pabitra, damu ilimtoka isikatike. Wanaume wanne walimbeba kwenye machela ya mianzi, wakashuka naye mlima kwa saa tatu hadi barabarani. Hospitali wakamwongeza chupa mbili za damu. Daktari alisema wazi mbele ya mumewe, Lokbahadur, kwamba asibebe mimba nyingine kabla ya miaka miwili kupita. Mwili wake haukuwa na akiba. Safari nyingine huenda asifike barabarani.

Tilsara aliyashika maneno hayo. Akajikinga kwa njia aliyoijua, yaani kunyonyesha. Muuguzi wa hospitali alikuwa amemweleza kwamba njia hiyo huzuia mimba, tena alieleza kwa kirefu. Lakini Tilsara alikuwa hoi kitandani, na katika yote yale alibaki na neno moja tu: miezi sita. Kwa mtoto wake wa kwanza, Jivan, alinyonyesha miezi sita na hakupata mimba. Angetilia shaka nini?

Walipopumzika kula, wifi yake Manrupa alimvuta kando. Manrupa ni dada wa Lokbahadur, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo mwepesi. Alimtilia mkononi pakiti ya vidonge vyake vya uzazi wa mpango.

"Meza vinne kwa mpigo," alimnong'oneza. "Kama kuna kitu kitatoka. Mimi huu mwaka wa tatu navimeza. Umeniona nimekufa?"

Tilsara aliifutika pakiti kwenye mkanda wa kiuno. Hirakali akamwona.

Hirakali alikuwa akipanda mstari mmoja naye. Ni jirani, mjane, na kwa miaka kumi na minne amekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea pale kijijini. Siku ya kupanda huchafuka kama wengine, lakini macho yake hayapumziki. Alimfuata Tilsara hadi kwenye mfereji wa maji na kumwambia anawe uso.

"Sasa nionyeshe ulichokificha, mdogo wangu."

Tilsara alitaka kukana. Badala yake alilia. Alisema yote: kichefuchefu, kizunguzungu, machela, maneno ya daktari. Alisema anajiona tayari amekufa, na wanawe wanalelewa na mtu mwingine. Kisha akauliza swali lililomsumbua tangu alfajiri.

"Dada, miezi sita haijatimia. Nimekosea wapi?"

"Pabitra alilishwa wali lini?"

"Mwezi wa tano. Si ni mtoto wa kike huyo?"

Hapo ndipo lilipokuwa kosa, na lilikuwa kosa la kijiji kizima. Kwao mtoto wa kiume hulishwa wali wa kwanza mwezi wa sita, wa kike mwezi wa tano. Ndugu hukusanyika, mtoto huvikwa nguo nyekundu, kila mkubwa humtia punje mdomoni. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwezi ule mmoja una uzito wowote kwa mama.

"Sikiliza," alisema Hirakali. "Unapika juu ya chuma cha miguu mitatu, sivyo? Ukikata mguu mmoja, chungu kinamwagika. Na kinga ya kunyonyesha ina miguu mitatu. Mtoto awe hajafika miezi sita. Damu yako ya mwezi iwe haijarudi. Na mtoto anyonye tu, mchana na usiku, kila anapotaka, asipewe kitu kingine. Wewe umebaki na miguu mingapi?"

Tilsara alihesabu kimoyomoyo. Damu ilikuwa haijarudi. Miezi sita bado. Lakini tangu siku ya wali, mama mkwe wake alikuwa akimpa Pabitra uji na maziwa ya nyati mara nne kwa siku, ili Tilsara ashinde shambani.

"Miwili," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi. Punje moja ya baraka haina neno. Mlambishe mtoto, mle karamu, kisha arudi kwenye ziwa lako peke yake mpaka miezi sita itimie. Ni uji wa kila siku uliokata mguu. Na hivi vidonge mrudishie wifi yako. Havitoi mimba, hata umeze pakiti nzima. Tena vina vichocheo viwili, na kimoja kinaweza kupunguza maziwa. Anayenyonyesha havianzi kabla mtoto hajafika miezi sita. Manrupa hanyonyeshi. Dawa ya mwenzio si dawa yako."

Kesho yake asubuhi Hirakali alimpeleka kituo cha afya. Lokbahadur, ambaye ni mwashi, aliacha ukuta wa watu ukiwa nusu akafuatana nao. Mama mkwe naye akaja, amembeba Pabitra. Njia nzima Tilsara aliitazama ile miteremko aliyoteremshwa akiwa amelala.

Muuguzi wa kituo alimfunua kope akaona weupe. Alisema upungufu wa damu unaweza kuleta kizunguzungu na kichefuchefu, hasa kwa mtu anayeinama juani na mvuani bila kula. Akapima mkojo. Mistari miwili ingekuwa mimba. Ulitokea mmoja.

Lokbahadur alishusha pumzi. Muuguzi akamwambia asifurahi mapema. Kipimo kikifanywa siku za mwanzo kinaweza kudanganya, kwa hiyo warudi baada ya wiki tatu, au siku yoyote damu ya mwezi itakapotoka. Kwa sasa watumie kondomu kila mara, na Tilsara ameze vidonge vya kuongeza damu. Tilsara aliyasikia maneno "wiki tatu" kama hukumu.

Ili wasikae bure, muuguzi aliwaeleza njia zinazomfaa mama anayenyonyesha. Kuna vidonge vya kichocheo kimoja, ambavyo humezwa kila siku saa ileile. Kuna sindano ya kila miezi mitatu. Kuna kitanzi kinachowekwa kwenye mfuko wa uzazi, lakini kile cha shaba huweza kuongeza damu ya mwezi, na Tilsara hana ya kupoteza. Na kuna vijiti viwili vidogo vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, vinakinga miaka mitano. Njia hizi hazikaushi maziwa wala hazimdhuru mtoto.

Hapo mama mkwe akafungua mdomo. Alisema amesikia vijiti vinatembea mwilini mpaka kwenye moyo. Muuguzi hakumcheka. Alimshikisha kijiti cha mfano, akamweleza kwamba hukaa palepale kilipowekwa, mtu anaweza kukipapasa, na akitaka kuzaa hutolewa. Damu ya mwezi inaweza kubadilika, ikaja kidogo kidogo au isije kabisa. Ikizidi, au kidonda kikitoa usaha, arudi upesi.

Mama mkwe alikigeuza kile kijiti kiganjani.

"Wewe ulikuwa umezimia, hukuona," alimwambia Tilsara. "Mimi niliushika mkono wako kwenye machela. Ulikuwa wa baridi. Sitaki kuushika tena vile."

Tilsara alichagua vijiti. Ikabaki kungoja.

Zile siku zilimla. Kila asubuhi aliamka na kujikagua, na kila asubuhi hakukuwa na kitu. Harufu ya mafuta ya haradali ikimchefua, moyo unaruka. Ikiacha kumchefua, anadhani anajidanganya. Mama mkwe aliacha kumpa Pabitra uji, akawa anampeleka mtoto shambani kwa mama yake anyonye, mara tano kwa siku, anapanda na kushuka matuta bila kunung'unika. Yeye, Lokbahadur na hata Jivan mdogo walimtazama Tilsara usoni kama watu wanaotazama mbingu wakati wa mafuriko.

Siku ya kumi na tatu, saa nne asubuhi, Tilsara alitoka chooni akasimama katikati ya uwanja.

"Mama," aliita. "Leo mimi si wa kuguswa."

Kwao mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii jikoni, hagusi maji ya wengine, wala mtu hamgusi. Kwa miaka mingi mama mkwe alikuwa akilipokea tangazo hilo kwa kununa, maana kazi zote humwangukia yeye. Safari hii aliangusha ungo wa dengu. Alikuja mbio pekupeku akamkumbatia Tilsara, wakalia wote wawili, hata mvua ikawakuta hapo. Baadaye ndipo alipokumbuka desturi. Alikwenda kuoga huku anacheka.

Mchana uleule walikwenda kituoni. Siku za damu ni wakati mzuri, muuguzi alisema, kwa kuwa hakuna shaka ya mimba. Ganzi kidogo, dakika chache, vijiti vikawa ndani.

Pabitra, aliyetimiza miezi sita katika siku zile za kungoja, sasa alianza uji kwa haki, na maziwa ya mama yake hayakupungua. Kope za Tilsara zilirudi kuwa nyekundu. Manrupa aliomba radhi, na sasa akisikia mwanamke anaazima vidonge humfukuza aende kwa Hirakali.

Mavuno yalipokwisha, mwanamke mmoja alimwuliza mama mkwe kisimani kama mjukuu mwingine wa kiume yuko njiani. Mama mkwe alijaza mtungi wake kwanza.

"Wajukuu watangoja," alisema. "Mkwe ninaye mmoja."