Kiraka cha Baba

Cherehani ya mama ilinguruma tangu asubuhi, lakini mwenyewe alikuwa kimya. Tangu baba afariki, maneno yalikuwa haba nyumbani mle. Hata Chiriku, binti yake wa miaka saba aliyepewa jina hilo kwa kusema sana, alikuwa amepunguza.

Redio ikatangaza kuwa bei ya hisa za kiwanda cha saruji imeshuka tena. Mama akaacha kukanyaga.

"Basi. Hisa alizotuachia baba yako zinaozea mikononi. Kesho yule bwana aliyekuja kuzitaka akirudi na pesa zake, nampa hisa zote."

Chiriku akainua kichwa. Baba alizoea kumwambia, "Nina kipande changu kiwandani." Sasa kipande kinauzwa?

Jioni alikuja shangazi, dada wa baba, anayefanya kazi kwa dalali wa hisa. Chiriku akamdaka mlangoni.

"Shangazi, hisa huoza kama nyanya?"

"Kakwambia nani? Mama yako? Wifi, kushona unajua, haya mengine niachie mimi!"

Akatandaza shuka la viraka, lile mama aliloliunga kwa mashati ya marehemu.

"Kiwanda ndicho hiki. Kiraka kimoja, hisa moja. Mwenye kiraka ana sehemu yake kiwandani."

"Na soko la hisa?"

"Ni mahali pa kuuziana viraka, kupitia madalali wenye leseni. Wauzaji wakizidi, bei hushuka. Wanunuzi wakizidi, hupanda."

"Kwa hiyo kiraka cha baba kimepungua?"

"Kipo vilevile. Kilichopungua ni pesa ambazo watu wako tayari kukilipia leo."

"Itapanda?" mama aliuliza.

"Sijui, wifi. Anayekuahidi itapanda, mkimbie. Kiwanda chaweza kufa, na kiraka kikafa nacho. Ila yule bwana uliyeniambia habari zake anakupa nusu ya bei ya soko. Ukitaka kuuza, njoo kwa dalali."

Kesho yake bwana yule akabisha hodi. "Mama, saruji inazama hiyo!"

"Saruji iliwahi kuelea lini, bwana? Nenda kanunue sokoni kama wenzako."

Mwaka ule bei haikupanda. Mama aliuza hisa chache kwa dalali, akalipa kodi ya nyumba, nyingine akazibakiza. Kiwanda kilipopata faida, wenye hisa waligawiwa sehemu yake. Gawio la mama lilikuwa dogo. Lilitosha viatu vya Chiriku tu.

"Baba yako ndiye kakununulia," mama alisema.

Chiriku akavivaa, akatembea hadi dirishani, akarudi.

"Vinabana?"

"Havibani. Mama, baba alijuaje mguu wangu umekua?"

Mama akainamia cherehani. Hakukanyaga.