Kivuli cha Baba Mkwe

Asubuhi mitumbwi inaporudi Lituhi, wanawake huwa wameshafika ufukoni na mabeseni yao. Usipa hawamngoji mtu. Ni samaki wadogo sana, na wasipoanikwa mapema wanaoza.

Ephrasia alikuwa bado mgeni wa kazi hiyo. Alizaliwa Mpepai, juu milimani, kwenye kahawa na ukungu. Aliolewa na mvuvi aitwaye Erasmo, akashuka naye ziwani. Mtoto wao wa kwanza, Glorious, alikuwa na miezi mitatu.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao siku yoyote waliyotaka. Mmoja wao, Muharami, alikuwa akipiga honi barabarani na kununua usipa waliokauka tu. Wabichi aliwaacha. Kwa hiyo kila mtu wa nyumba ile alifanya kazi.

Hata Mzee Wendelin, baba yake Erasmo, alifanya kazi. Mkewe alikuwa amefariki, na yeye hakuwa na nguvu tena za kwenda ziwani usiku. Alikaa chini ya kibanda cha nyasi, karibu na vichanja vya kuanikia, akishona nyavu na kuwatania wapita njia. Ufuko ule haukuwa na kivuli kingine.

Ephrasia hakukaribia kibanda hicho. Kwao alifundishwa kwamba mkamwana hakai karibu na baba mkwe. Hali chakula mbele yake. Kumtolea mtoto titi mbele yake ni jambo lisilowazika. Na nyumbani kulikuwa mbali, juu ya kilima, kupita mashamba ya mihogo.

Basi Glorious alishinda mgongoni mwa mama yake, juani. Alivaa sweta nene na kofia ya sufu. Nguo hizo zilitoka mitumbani, soko la Mbinga. Bibi yake wa Mpepai alizinunua kwa mapenzi, na Ephrasia alizivalisha kwa fahari. Milimani mtoto asiye na sweta ni mtoto asiye na mama. Hakuna aliyemwambia kwamba ziwani ni kwingine.

Mtoto alipolia, Ephrasia alimpa maji kwa kijiko. Aliyachemsha mwenyewe kila asubuhi, akayatia katika chupa safi. Wanawake wenzake walimsifu. Walisema joto hili hata wakubwa lawashinda, sembuse kitoto. Glorious alikunywa, akanyamaza. Tumbo lilijaa.

Mwezi wa Novemba jua liliwaka kama linadai kitu. Mvua ilichelewa. Glorious akaanza kulala sana. Nepi aliyofungwa asubuhi ilikuwa kavu mpaka mchana, na Ephrasia akafurahi, kwa sababu sabuni ilikuwa ghali.

Mzee Wendelin naye alifurahi. Aliwaambia majirani kwamba mjukuu wake ni mpole kama padri wakati wa mafungo. Watu walicheka. Wote walimsifu mtoto kwa kunyamaza, na hakuna aliyejiuliza kwa nini kanyamaza.

Siku moja gari la Muharami lilisikika mapema. Ephrasia alihitaji mikono yote miwili kukusanya usipa. Alimlaza mtoto kwenye jamvi, pembeni mwa kibanda, akageuka haraka bila kumtazama baba mkwe usoni.

Mzee Wendelin alimwinua mjukuu wake amtanie. Mtoto hakufungua macho vizuri. Mzee aliona jasho, akaivua ile kofia. Utosi ulikuwa umebonyea kama shimo la kijiko. Midomo ilikuwa mikavu.

"Mama Glorious," aliita. "Mtoto huyu amenyonya lini?"

Ephrasia alisimama na beseni kichwani. Alijua jibu. Mtoto alinyonya kabla jua halijatoka. Aliinamisha kichwa, usipa wakamwagika mchangani.

Mzee aliacha nyavu zake. Alimchukua mtoto, akashika njia ya zahanati, na mkamwana akamfuata nyuma. Muharami aliwapigia honi. Hakuna aliyegeuka.

Nesi wa zahanati aliitwa Vitalia. Walimsalimia, akaitika huku ameshamvua mtoto sweta. Alibinya ngozi ya tumbo kidogo, akaiachia. Ilirudi polepole. Akauliza kama mtoto anaharisha au anatapika. Hapana. Akauliza kama amekojoa. Ephrasia alisema nepi ni ile ya asubuhi, na mara ya mwisho alinyonya kabla jua halijatoka.

"Mtoto huyu amekaukiwa maji," alisema Vitalia.

Ephrasia alistaajabu. Alisema maji anampa, tena ya kuchemsha. Akatoa chupa yake aionyeshe.

Vitalia hakumgombeza. Alivuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Mama, tumbo la mtoto huyu ni dogo kama ngumi yake. Ukilijaza maji, maziwa yatakaa wapi? Atanyamaza, lakini hakushiba. Maziwa yako yana maji yote anayohitaji, hata kwenye joto la Lituhi, na yana chakula ndani yake. Mpaka afikishe miezi sita, asipewe maji. Hata yaliyochemshwa. Hata kijiko kimoja."

"Na jua likiwaka sana?"

"Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Asingoje kulia. Na wewe unywe maji, maana kiu yako mwenyewe lazima uikate. Mtoto avae nguo moja nyepesi, akae kivulini. Sweta la Mpepai libaki Mpepai."

Vitalia alimwambia amnyonyeshe hapo hapo. Mtoto alishika titi, akaliachia. Hakuwa na nguvu. Ndipo nesi akamwonyesha kukamua maziwa katika kikombe safi na kumpa mtoto kidogo kidogo kwa kijiko kile kile kilichokuwa cha maji. Alisema wazi kwamba kama mtoto atashindwa kumeza, au kama hatakojoa mpaka jua litakapoelekea ziwani, watampeleka hospitali bila kungoja.

Glorious alimeza. Akameza tena. Baadaye alitafuta titi mwenyewe.

Nesi akauliza swali lililobaki. Kwa nini mama mwenye maziwa tele hakunyonyesha tangu alfajiri?

Ephrasia alijifunika uso kwa kanga. "Nilimwonea haya baba mkwe," alisema. "Kivuli ni kimoja, na yeye yumo."

Mzee Wendelin alikuwa amekaa nje ya mlango. Alisikia kila neno. Alikumbuka kilio alichokisikia siku nyingi, karibu kabisa na nyavu zake. Alikumbuka mzaha wake wa padri.

Akasema, bila kuingia ndani, "Mama Glorious, adabu uliishika wewe. Kivuli nilikikalia mimi. Mwenye kosa usimtafute kwingine."

Ephrasia alilia, na mtoto aliendelea kunyonya.

Jua lilianza kushuka. Vitalia aliingia na kutoka, na kila mara aliigusa nepi. Kavu. Erasmo alifika akihema, nguo zina magamba ya samaki, na aliposikia habari hakuthubutu kuuliza nani alaumiwe. Alikwenda kutafuta usafiri wa hospitali.

Erasmo alipokuwa bado njiani, Ephrasia alichoka mikono. Mzee aliomba ampokee mtoto kidogo. Alimpakata juu ya shati lake jeupe alilovaa kumpokea mnunuzi. Walikaa hivyo. Mara mzee akatulia kabisa, kama mtu anayesikiliza.

Doa la majimaji lilikuwa likienea kwenye shati.

"Nesi," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo uone. Amenilowesha."

Vitalia alicheka mpaka akashika mlango. Ephrasia naye alicheka, machozi hayajakauka. Hata hivyo, nesi aliwaweka pale mpaka mtoto alipokojoa tena. Aliwaagiza wamrudishe asubuhi, na akawakumbusha dalili za hatari: nepi kavu kwa muda mrefu, utosi uliobonyea, midomo mikavu, usingizi usio wa kawaida, kukataa kunyonya. Mtoto akiwa hivyo, hakuna kungoja kesho.

Kesho yake Mzee Wendelin alikata matete. Alikizungushia kibanda chake ukuta pande tatu, akautazamisha mlango upande wa ziwa. Ndani aliweka mtungi wa maji ya kunywa kwa ajili ya mama. Kisha akahamisha nyavu zake, akaenda kukaa mbali, kofia ya ukindu kichwani.

Ephrasia aliona haya kuingia siku ya kwanza. Siku ya pili mwanamke mwingine alimtangulia na mtoto wake, na akamfuata. Glorious alinyonya akiwa na kishati chepesi, akalia kwa nguvu alipotaka, akalowesha nepi mpaka sabuni ikaisha. Safari hii hakuna aliyelalamika.

Muharami aliporudi alimkuta mzee juani, akamcheka. Akamuuliza kama wanawe wamemfukuza kwenye kibanda chake.

Mzee Wendelin hakuinua macho kwenye nyavu.

"Kibanda kina mwenyewe," alisema. "Ananyonya. Na wewe zima honi yako, usimshtue."