Gongo la Mama Pétronille

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, Mwanamisi alikuwa amekwisha fagia maranda karakanani na kunoa randa yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, msichana pekee katika darasa la useremala la shule yao ya ufundi mjini Kalemie. Mwaka ule vita vilikuwa vimewafukuza watu wengi vijijini, na maelfu waliishi chini ya maturubai katika kambi ya Katanika. Kwa hiyo mwalimu wao, ambaye wote walimwita Papa Grégoire, aliamua kwamba badala ya viti vya mtihani, kila mwanafunzi atengeneze magongo mawili ya kutembelea kwa ajili ya majeruhi.

Ijumaa, siku ya kumaliza, gongo moja la Mwanamisi lilipasuka alipokuwa akikaza skrubu. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi. Wavulana walikuwa tayari wakipiga msasa, naye hakutaka kusikia tena kwamba kazi ya mbao si ya wasichana. Akachanganya unga wa mbao na gundi, akauziba ule ufa, akapaka vanishi juu yake. Papa Grégoire alilipapasa gongo, akaliweka pamoja na mengine.

Jumamosi wakayapeleka Katanika. Magongo ya Mwanamisi alipewa Mama Pétronille, mkulima wa upande wa Ankoro aliyekatwa mguu baada ya kupigwa risasi. Alijaribu hatua tano, kisha kumi, halafu akaenda hadi kwenye bomba la maji na kurudi.

“Wiki sita nabebwa kama mzigo,” alisema. “Mungu akubariki, mwanangu.”

Mwanamisi aliinamisha macho.

Jumatatu asubuhi alimfuata mwalimu wake.

“Papa, gongo moja lina ufa. Niliuficha.”

Papa Grégoire aliweka chini msumeno wake. “Sasa unataka kufanya nini?”

“Kulichukua, nitengeneze jingine.”

“Vema. Nitakusindikiza, lakini sitakusemea.”

Kambini, Mama Pétronille alimsikiliza mpaka mwisho, huku amelikumbatia lile gongo. “Walikuja watu kuandika majina yetu,” alisema, “wakatuambia watarudi kesho. Mpaka leo hatujawaona. Nawe unataka nikae chini tena?”

“Nitarudi kesho jioni, Mama.”

“Kesho,” alirudia yule mama polepole.

Mwanamisi akavua viatu vyake vya shule, akaviweka kwenye mkeka. “Sina vingine. Vikae hapa mpaka nirudi.”

Mama Pétronille alivitazama viatu, akamtazama na yeye, kisha akamwachia gongo.

Njiani Papa Grégoire alilisimamisha gongo lile chini na kuliegemea kidogo tu. Likavunjika vipande viwili.

Siku ya pili Mwanamisi alifika shuleni pekupeku. Salomon, aliyefanya kazi meza ya jirani, alianza kucheka. Lakini aliposikia kisa chote, aliacha kazi yake, akaja kumshikia ubao. Safari hii Mwanamisi alichagua ubao mkavu, akatoboa tundu taratibu kabla ya kutia skrubu. Ilipotimia saa tisa alasiri gongo lilikuwa tayari. Papa Grégoire aliliegemea kwa uzito wake wote, likatulia.

Jioni ile Mama Pétronille alisimama tena, akazunguka mahema mawili bila kuyumba. Alipomrudishia Mwanamisi viatu, vilikuwa vimekwisha futwa tope.

“Nilisema moyoni hutarudi,” alikiri. “Nisamehe.”

“Mimi ndiye wa kuomba msamaha, Mama.”

Walipokuwa wakirudi mjini, Papa Grégoire alisema, “Mbao hupasuka hata mikononi mwangu, Mwanamisi. Hilo halinisumbui. Lakini fundi anapoficha ufa, mtu mwingine ndiye anayeanguka. Na hawa tunaowasaidia wamekwisha anguka vya kutosha. Tukiwapa kitu bure, hiyo si sababu ya kuwapa kibovu. Umekosea, umesema, umetengeneza upya. Endelea hivyo hivyo, hata siku ambayo hakuna atakayekukagua.”

“Ndiyo, Papa,” Mwanamisi aliitikia, na moyo wake ulikuwa mwepesi.