Albamu Iliyonyooshwa

Kilainishi kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, na karibu kila mkazi wa Dodoma alikuwa nacho sikioni. Kazi yake ilikuwa kuondoa karaha katika sauti. Honi iligeuka mluzi, msumeno ukavuma taratibu, na hata waliogombana walisikika wakibembelezana. Watu walikizoea hadi wakasahau kama kipo.

Wanamuziki tu ndio waliokivua wakiingia studio au kupanda jukwaani, maana mpishi haonji kwa ulimi wa jirani. Sikudhani, mpiga ngoma wa bendi ya Desimali, alikitia chake kwenye kifuniko cha chupa ya maji kabla ya kushika vijiti. Ndivyo walivyorekodi Baki, albamu ya roki ya hesabu, muziki wa mapigo yaliyopinda. Gitaa la mwenzake Kihwelo lilikwenda kwa mapigo saba, ngoma za Sikudhani kwa kumi na moja. Zikaachana kama mke na mume walionuniana, kisha zikakutana pale msikilizaji alipokwisha kukata tamaa. Ujana wake wote ulikuwa mle.

Albamu ilipokewa kwa vigelegele. Wahakiki waliusifu utulivu wake. Wazazi walisema inalaza watoto. Sikudhani akakunja uso. Inalaza?

Jibu alilipata jukwaani. Ukumbi mzima ulipiga makofi: moja, mbili, tatu, nne, sawasawa, kama watu wanaotwanga. Yeye alikuwa kwenye kumi na moja.

"Ni kilainishi," Kihwelo alimwambia nyuma ya jukwaa, bila kumtazama. "Pigo lililopinda kwake ni karaha. Kinalinyoosha."

"Ulijua?"

"Tangu albamu itoke. Lakini wanatupenda, Siku."

"Watatupendaje? Hawajatusikia."

Kesho yake alikwenda kwa shangazi yake, Bi Zamoyoni, ambaye alikitupa kilainishi chake baada ya kufiwa na mumewe. Marehemu alikuwa na kigugumizi, na kila mara mjane alipofungua sauti za mumewe zilizohifadhiwa, kifaa kilikifuta, marehemu akatiririka kama mtangazaji. Bi Zamoyoni akaona heri kelele za jiji zima kuliko mume asiyemjua.

Sikudhani aliweka spika mezani. Shangazi alisikiliza akichambua mchele. Wimbo wa pili ulipofika kati, vidole vyake vikasita juu ya ungo. Mwishoni akasonya.

"Usinikasirikie, mwanangu, lakini muziki gani huu? Kila nikitaka kutikisa kichwa unanihepa. Shingo yote inaniuma!"

"Wapi hasa, shangazi?"

"Pale kati. Mnakaribia kukutana, halafu mnapishana. Kwa nini lakini?"

Sikudhani aliisogeza spika kando. Akaulaza uso mapajani mwa shangazi yake, akalia kwa furaha ambayo hakuwahi kupewa na ukumbi wowote.

"Basi, mwanangu, nyamaza," Bi Zamoyoni alisema, akijutia maneno yake. "Hebu piga tena. Labda nitauzoea."