Doris na Toleo Jipya

Kila jioni, Doris akishafunga ndama zizini, alichukua simu ya mama yake na kuichaji. Mama yake, Efrazia, alikuwa mhudumu wa afya katika kijiji kimoja cha kata ya Tumati. Simu hiyo ya kazi ilikuwa na programu ya kuonyesha tarehe za chanjo za watoto, na Doris ndiye aliyeitunza.

Kwa majuma matatu ujumbe uleule ulikuwa ukitokea: "Toleo jipya lipo. Sasisha sasa." Kila mara Doris alibonyeza "Baadaye". Bando la intaneti la kazi alilitumia kutazama video za mitindo ya nywele, na alijua kusasisha kungemaliza bando lote.

"Simu iko sawa?" mama aliuliza.

"Iko sawa, mama."

Alhamisi, Doris alipotoka shule alimpelekea mama mwavuli zahanati. Mlangoni alimkuta Ludovika, mama mmoja kutoka upande wa Bashay, amelowa chapachapa, mtoto mgongoni.

"Uliniambia Alhamisi, Efrazia," Ludovika alisema kwa sauti ya uchovu. "Nimetembea tangu asubuhi. Kumbe chanjo ilikuwa Jumanne."

Watu wote waliokuwa kwenye benchi walimgeukia Efrazia. Muuguzi Joakimu akaiangalia simu.

"Siku ya kliniki ilibadilishwa," alisema. "Tarehe mpya zimo kwenye toleo jipya. Hili ni la zamani. Hukuona ujumbe, mama?"

"Labda nilikosea," mama alijibu, macho chini.

Doris aliona uso wa mama yake ukijaa aibu. Alitamani kukimbia, lakini akasogea mbele.

"Siyo mama," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa nabonyeza Baadaye, bando nikalitumia kutazama video."

Mama hakumkaripia. Alimtazama tu, na hilo lilimuuma Doris kuliko fimbo.

Joakimu aliisasisha simu palepale, na tangu siku hiyo mama akakaa nayo mwenyewe. Jumamosi, Doris na mama walizunguka nyumba kumi na moja kurekebisha tarehe. Kwenye kila mlango Doris alisalimia, "Shikamoo," kisha akasema mwenyewe, "Tarehe mliyopewa haikuwa sahihi. Kosa ni langu." Kwa Ludovika aliyasema hayo mara mbili.

Jumanne iliyofuata mtoto wa Ludovika alichanjwa.

Jioni hiyo mama alimrudishia Doris simu. Doris alisita kuipokea.

"Ichukue," mama alisema. "Kukosea kunarekebishika, mwanangu. Ila uliponiambia iko sawa, mimi nikawaambia watu iko sawa. Ukiaminiwa kazi, sema ukweli wake mapema, kabla mwenzako hajaumia."

"Nimeelewa, mama," Doris alisema, akaipokea kwa mikono miwili.